Wadai na Wadaiwa wa Siku ya Mwisho: Uainishaji wa Watalii Marafiki Kati ya Karatu na Kreta

1. Tatizo la utafiti

Wanyama wa Ngorongoro wamesomwa vya kutosha. Nyumbu wamehesabiwa, fisi wamefuatiliwa ukoo kwa ukoo, na nyayo za Laetoli, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, zimepimwa tangu kisigino hadi kidole. Lakini yupo kiumbe anayepita Karatu kila siku, kwa makundi ya wanne hadi sita, ndani ya Land Cruiser yenye paa la kufunua, na sayansi haijamgusa. Huyo ni mtalii aliyesafiri na marafiki zake, na sasa amebakiza siku moja.

Karatu ni mahali pazuri pa kumchunguza. Safari nyingi za kaskazini huanzia Tarangire au Manyara, hupandisha Serengeti, kisha humalizikia kreta ya Ngorongoro, kwa kuwa kutoka hapo ni kuteremka tu hadi Arusha na ndege ya usiku katika uwanja wa Kilimanjaro (KIA). Kwa hiyo mkulima wa kata ya Daa aliyekuja mjini kuuza mbaazi anaweza kuwaona wageni walewale mara mbili. Wakienda, nguo ni safi na wote wanaongea kwa pamoja. Wakirudi, nguo zina rangi ya udongo wa Karatu, na anaongea mmoja tu, tena kuhusu pesa.

Nadharia yetu ni kwamba kinachowatofautisha viumbe hawa si nchi watokako, umri wala ukubwa wa kamera. Ni deni: kila mmoja anaamini kuna kitu anachodai, au anachodaiwa, na kwamba kikipita leo hakitalipwa tena.

2. Mbinu

Data zilikusanywa kwenye vituo vya mafuta, kwenye maduka ya vinyago, na kwa kuwasikiliza madereva jioni mbele ya nyama choma, muda ambao dereva husema kweli. Sampuli haikuteuliwa kitaalamu. Ilijileta yenyewe ilipoishiwa maji ya kunywa. Kila jamii imeelezwa kwa makazi, mlio na adui wake, kama ilivyo desturi katika vitabu vya ndege.

3. Uainishaji

(a) Mdai-Faru. Simba, tembo, nyati na chui amekwisha kuwaona. Katika wale wakubwa watano amebaki mmoja. Makazi yake ni siti ya mbele, darubini shingoni. Mlio: "Lile ni jiwe au ni faru?" Deni lake lina historia ndefu. Katika miaka ya 1960 kreta ilikuwa na faru weusi zaidi ya 100. Ujangili uliofuata uliacha wachache sana, na waliopo leo wanalindwa usiku na mchana. Ulinzi ulimfikisha Faru Fausta kwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 57 kabla hajafa Desemba 2019. Kwa kuwa gari haliruhusiwi kuacha barabara, Mdai-Faru hulipwa kwa nukta ya kijivu iliyo mbali, ambayo huikubali mara moja na kuitetea maisha yake yote. Adui: rafiki anayesema ile nukta ni nyati.

(b) Mpanga-Picha. Anadai picha moja ya kundi zima, maana kwa safari yote kila picha ilimkosa mpigaji. Makazi: ukingoni mwa kreta, kwenye mwinuko wa takribani mita 2,300, ambako asubuhi kuna baridi ya kumnyamazisha mtu. Mlio: "Moja tu, ya mwisho," unaorudiwa bila kikomo kinachojulikana. Adui: ukungu, ambao hufunika kreta yote na kubakiza marafiki watano waliosimama mbele ya ukuta mweupe. Picha hiyo ingeweza kupigwa popote penye shuka lililoanikwa, lakini ndiyo anayoiweka kwenye fremu.

(c) Mnunuzi wa Dharura. Anadaiwa na watu wasiokuwepo: mama, bosi, jirani anayemlishia paka. Kwa siku zote za safari alisema atanunua baadaye, na baadaye imefika. Makazi: maduka ya vinyago ya Karatu na Mto wa Mbu, kati ya picha za Tingatinga na mashuka ya Kimasai. Mlio: "Bei ya mwisho?" Huanza na pakiti ya kahawa ya Oldeani, akaishia na twiga wa mbao asiyeingia kwenye begi. Wanasayansi wazingatie kwamba ndani ya kreta twiga hawapo, hivyo Mnunuzi ndiye pekee anayetoka Ngorongoro na mnyama ambaye bonde lenyewe halina. Adui: mizani ya uwanja wa ndege.

(d) Mhasibu. Jamii hii ina ukoo mtukufu: Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege katika miaka ya 1950, wana mnara wao wa kumbukumbu hapo ukingoni. Mhasibu wa leo anahesabu chupa za bia za usiku wa tatu. Makazi: siti ya nyuma, simu mkononi. Mlio: "Bakshishi ya dereva tunagawana kwa watu wangapi?" Swali hilo huulizwa kwa Kiingereza cha chini chini, akidhani dereva hasikii. Adui: noti ya dola ya zamani, ambayo kila mtu anayo na hakuna duka linaloipokea.

(e) Mlalaji. Anadai usingizi, maana kila alfajiri aliamshwa kwa ajili ya madeni ya wenzake. Hulala gari likishuka kreta kwa barabara ya Seneto, hulala likipanda kwa ile ya Lerai. Huamka mara moja tu, kwenye bwawa la viboko la Ngoitokitok, kwa ajili ya lanchi boksi. Adui: mwewe wa hapo, ambaye humnyang'anya kipaja cha kuku kabla hajakumbuka yuko nchi gani.

4. Majadiliano

Kwa nini madeni haya yasilipwe Serengeti? Kwa sababu Serengeti haina ukuta. Mtu akikosa kitu leo, anaamini kipo ng'ambo ya kilima kinachofuata. Kreta ina kilomita za mraba zipatazo 260, kuta zenye kimo cha mita 600 hivi, na saa kumi na mbili jioni kila gari liwe limekwisha kupanda. Ukishaona kingo pande zote na saa inakwenda, huwezi tena kuahirisha.

Uchunguzi ulitoa pia matokeo yanayouvuruga uainishaji wetu wenyewe. Jamii hizi hazidumu. Mdai-Faru akishalipwa nukta yake, haichukui robo saa anakuwa Mhasibu. Mlalaji akisikia neno "faru" anasimama juu ya siti kwa viatu. Pasipokuwa na marafiki, hakuna hata jamii moja iliyoonekana: mtalii wa peke yake hukosa faru, akaandika "nyasi nzuri" kwenye daftari lake, akaridhika. Inaelekea kila mmoja hudai kwa sababu yupo wa kushuhudia kwamba hakulipwa.

5. Mapendekezo

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na kwa bakshishi tunakubaliana nao: ilipwe mapema, kwa noti mpya. Ila madereva wazoefu wanaripoti kwamba kundi lililoona kila kitu huaga kwa adabu na halirudi, na lililokosa kitu kimoja huanza kupanga safari nyingine kabla ya kufika Makuyuni, likigombana kuhusu mwezi. Tunapendekeza basi faru aonyeshwe, twiga wa mbao afungwe vizuri, picha ya ukungu ipigwe, lakini simba wapanda miti wa Manyara waendelee, kwa maslahi ya uchumi wa Karatu, kutoonekana.