Mtikila Sebuleni

Msomaji mwenzangu, kama nawe umeoa kwenye ukoo unaopenda siasa kuliko wali, utanielewa. Shemeji yangu, tunayemwita Mheshimiwa ingawa hajagombea hata ujumbe wa serikali ya mtaa, alikuja kwangu Kariakoo amebeba picha ya mwanasiasa, Mchungaji Christopher Mtikila, akataka itundikwe juu ya televisheni. Msumari wa kwanza uling'oa plasta. Wa pili uligusa waya, giza likaingia, watoto wakapiga kelele kwamba LUKU imeisha. Wali ukabaki mbichi jikoni.

Mke wangu hakuulizia plasta. Alimulika picha kwa simu.

"Huyu si ndiye yule aliyewaita Wahindi magabachori?"

Basi, vita ikaanza kizani. Mheshimiwa akasimama, maana akizungumzia Katiba huwa hakai. Nani alidai haki ya mgombea binafsi? Mtikila. Jaji Lugakingira akampa ushindi Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuuzima, naye hakuchoka hadi Mahakama ya Afrika kule Arusha ilipompa haki yake Juni 2013. Kweli tupu, na kwa hilo namheshimu.

Lakini mama mkwe, Bibi Cherehani, alikuwepo mjini Januari 1993, kundi la watu lilipowashambulia Wahindi baada ya mkutano wa Mchungaji. Wakati ule alishona mapazia, nyuzi akikopa kwa muuzaji wa Kihindi Mtaa wa Uhuru. (Akifika kwenye nyuzi lazima apitie bei za vitambaa vyote vya enzi ile, tulimsubiri.) Yule muuzaji alifunga duka siku kadhaa. Alipofungua, daftari la madeni lilikuwa palepale, na Bibi akaendelea kukopa.

"Mnamsamehe Mtikila nyie, mlipigwa nyie?" akauliza.

Hapo nilimuunga mkono, na sibadiliki. Shida za walalahoi zilikuwa za kweli, na rushwa ya matajiri ilikuwa ya kweli. Ila kuitwika rangi ya ngozi madhambi hayo ni dhuluma, na Nyerere alishalikataa jambo hilo Bungeni mwaka 1961, alipopinga uraia wa kupimwa kwa rangi. Mtikila alifariki ajalini mwaka 2015, hawezi tena kwenda Mtaa wa Uhuru kuomba radhi. Msamaha wanao waliojifungia madukani siku zile. Sisi wengine tuna kazi ya kuwasimulia watoto yote mawili, kesi na mawe, bila kuficha moja nyuma ya lingine.

Mke wangu akatoa hukumu, na katika nyumba hii hakuna rufaa: picha inarudi na Mheshimiwa kwake Temeke, plasta anaziba yeye, na binti yetu aandike nyuma ya fremu miaka yote miwili, 1993 na 2013.

Mheshimiwa akaomba 1993 iandikwe kwa tarakimu ndogo. Mama watoto akampa binti rula.