Shajara ya Mweka Hazina wa Harusi, Nyololo

Jumapili, 6 Julai
Tangazo la kwanza la ndoa ya mdogo wangu limesomwa kanisani leo. Limetaja jina la dada wa bibi harusi, ambaye ni mke wa mtu Makambako. Mume wake alikuwa benchi la nyuma. Tulimfuata nje, baba mdogo akamweleza, akaelewa.

Jumatatu, 7 Julai
Jina litasahihishwa, ila hesabu inaanza upya tarehe 13. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka siku 21 za taarifa, na harusi ilikuwa Jumamosi ya 2 Agosti. Inapelea siku moja. Tumeisogeza hadi 9 Agosti. Kadi hatukuchapa, kwa hiyo hakuna cha kutupa. Ujumbe wa simu umewafikia wa Mgololo na wa Dar es Salaam jioni hii hii.

Jumamosi, 12 Julai
Kikao cha kamati. Ahadi zilizoandikwa daftarini ni milioni tatu. Zilizoingia kwenye simu ni laki saba. Mwenyekiti anataka bajeti ipangwe kwa ahadi. Nimesema tupange kwa laki saba, na kitakachoingia baadaye kiongeze nyama. Mjomba mmoja akashauri bwana harusi auze kipande cha mipaina yake, tupate ukumbi Mafinga.

Hapo nilisimama. Mipaina ile kaipanda mwenyewe, na bado michanga. Mnunuzi wa miti michanga halipi bei ya mbao. Wilaya hii ya Mufindi inaishi kwa miti, na nimeona vijana wakikata ya miaka sita kulipia turubai la siku moja, kisha wanaanza ndoa wakidaiwa. Nampenda mdogo wangu; sitaki aanze hivyo. Kamati imekubali sherehe ifanyike uwanjani kwa baba. Ukumbi umefutwa kwenye daftari.

Jumanne, 22 Julai
Mwenye muziki amepiga simu: tarehe mpya hawezi. Nane Nane ni Ijumaa, vyombo vyake vitakuwa viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na havirudi kabla ya Jumatatu. Nimezungumza na mwalimu wa kwaya. Kwaya itaimba kwa ngoma na kayamba, kwa chakula na nauli ya wanaotoka Igowole.

Sikukuu hiyo imetufaa kwa jambo jingine: wafanyakazi wote wako likizo Ijumaa, wanasafiri bila kuomba ruhusa.

Alhamisi, 31 Julai
Mjomba aliahidi ulanzi. Leo kasema mianzi haitoi kitu. Ulanzi ni wa masika, na sasa ni kipupwe. Shangazi ameloweka mahindi ya kuotesha kimea, tutakunywa komoni. Soda tumepunguza hadi kreti sita, za watoto na wazee. Jokofu la kukodi halihitajiki, kwa baridi hii chupa inatoka stoo inauma meno.

Jumatano, 6 Agosti
Gunia la mchele wa Mbarali limeshushwa Makambako kwa makosa, kondakta alisahau. Shemeji kaenda kulifuata kwa bodaboda. Gunia moja tu ndilo la pilau. Vingine ni ugali, maharage na viazi mviringo vya shamba letu, maana tumetoka kuvuna. Mama alihofia watu watasema. Nimemwambia, mama, mgeni aliyeshiba viazi vya kwetu ameheshimiwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Keki imetoka Mafinga ikiwa imepakatwa kwenye Coaster. Ghorofa ya juu ililala upande kwenye tuta. Maharusi wamekata ya chini. Ukungu uliondoka saa nne, misa ikaanza saa tano. Kuni za milingoti zilikuwa mbichi upande mmoja, pilau likachelewa, kwaya ikaongeza nyimbo. Bibi harusi alicheza na mawifi zake mpaka viatu akavivua.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefunga daftari pamoja na mwenyekiti. Kilichoingia kwa jumla ni milioni moja na laki mbili. Hakuna anayetudai. Elfu arobaini imebaki, wamepewa maharusi wanunue mbolea. Masufuria ya majirani yamerudi yote isipokuwa la mjumbe: lipo, mfuniko hauonekani. Kesho tunautafuta kwa shangazi.