Jinsi ya Kuiuliza Kerneli Nafasi ya Diski Hadi Simu Ilie Saa Tisa Usiku

Wako waandishi wa programu wanaolala hadi asubuhi. Mwongozo huu hauwahusu. Huu ni wako wewe unayetaka programu yako itangaze kwa kujiamini kwamba nafasi ipo tele, wakati huohuo wateja wanaambiwa diski imejaa. Kazi yenyewe ni nyepesi. Unahitaji Linux, wito wa mfumo uitwao statfs na haraka kidogo. Ukipenda, mtumie binamu yake wa POSIX, statvfs, ambaye kwenye Linux naye huishia kubisha mlango uleule.

Hatua ya 1: Chagua namba kubwa. Unaipa statfs njia ya faili lolote, nayo inakurudishia fomu iliyojazwa kuhusu mfumo wa mafaili ambamo faili hilo limo. Utakuta visanduku viwili vya nafasi, f_bfree na f_bavail. Chukua f_bfree. Ni kubwa zaidi, na nani aliyewahi kupakuliwa sahani mbili akachagua ndogo?

Usijali kwamba f_bfree huhesabu hata viti vya wageni rasmi. Ukitengeneza ext4 bila kutoa maelekezo mengine, asilimia 5 ya bloku hutengwa kwa ajili ya root. Ni kama viti vya mbele ukumbini, vile vilivyofungwa utepe siku ya harusi. Viko vitupu kweli, lakini jaribu kukaa uone kama MC hatakuinua mbele ya wakwe.

Chukua diski ya bloku 25,000,000, kila moja ina baiti 4,096. Zilizotengwa ni 1,250,000. Siku bloku zilizo huru zikifika 1,200,000, f_bfree itasema hivyohivyo, 1,200,000. F_bavail, ambayo huhesabu za watu wa kawaida tu, itasema 0. Programu yako itaandika kwa rangi ya kijani: "Zimebaki GB 4.9." Mteja atabofya kuhifadhi, atapata kosa la ENOSPC, yaani nafasi imekwisha, atakupigia. Mwambie azime kompyuta, aiwashe tena.

Hatua ya 2: Pima unga kwa kipimo cha mafuta. Kwenye statvfs, hesabu ya bloku huzidishwa na f_frsize. Wewe zidisha na f_bsize, kwa sababu jina lake linavutia zaidi. Kwenye ext4 ya kawaida namba hizo mbili hulingana, kwa hiyo kosa litalala miaka bila mtu kulishtua. Ngoja siku mteja atakapoendesha programu hiyo kwenye macOS, ambako f_bsize huwa 1,048,576 na f_frsize 4,096. Hapo umezidisha mara 256. Kompyuta yake ya GB 500 itajikuta ina TB 128, naye atakushukuru kwa zawadi.

Hatua ya 3: Zisahau inodi. Kila faili linahitaji inodi yake, kama kiwanja kinavyohitaji hati. Kwenye ext4 idadi ya hati hupangwa siku diski inapoandaliwa. Acha folda ya sesheni za tovuti ijaze mafaili ya baiti mia mbili mbili hadi f_ffree, hesabu ya inodi zilizo huru, ifike sifuri. Ardhi itakuwa bado kubwa, hati zimekwisha, na kosa litakalotoka ni lilelile ENOSPC. Utatumia asubuhi nzima ukifuta video, bila faida.

Ukiamua kurekebisha, weka king'ora kinacholia kila f_ffree ikiwa sifuri. Kisha peleka programu kwenye seva ya Btrfs, ambayo haina idadi maalumu ya inodi na huripoti sifuri tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Amini vitambulisho. Sanduku la f_type linakupa namba ya aina ya mfumo wa mafaili. Itumie kutofautisha ext2, ext3 na ext4. Wote watatu wana namba moja, 0xEF53, kama ndugu wanaopokezana kitambulisho kimoja getini. Ukikwama, kimbilia f_fsid. Ukurasa wa mwongozo wa statfs wenyewe unakiri kwamba hakuna ajuaye kilichotakiwa kuwekwa humo.

Hatua ya 5: Pata orodha kwa mtu wa pembeni. Statfs hailitaji jina la mahali mfumo ulipopachikwa, wala la kifaa chake. Basi soma /etc/mtab. Zamani lilikuwa daftari la mjumbe: amri ya mount iliandika nani kahamia na nani kahama, ikikumbuka. Leo kwenye Linux nyingi ni kiungo tu cha kwenda /proc/self/mounts, ambako kerneli husema yenyewe. Kata kila mstari penye nafasi, halafu tumia kipande cha pili kama kilivyo. Flashi iitwayo PICHA ZA HARUSI itatokea humo kama PICHA\040ZA\040HARUSI, na statfs itakuapia kwamba haijawahi kusikia folda ya namna hiyo. Ipo getmntent, inayorudisha nafasi hizo mahali pake, na tangu Linux 6.8 ya mwaka 2024 wapo listmount na statmount, wanaotoa majibu bila wewe kuchambua maandishi. Waachie wanaolala mapema.

Kisha iulize mifumo yote kwa zamu, ukiwemo ule wa NFS ambao seva yake imezimwa. Programu itasubiri jibu hapo, kimya, kama mtu aliyeambiwa "nipo njiani".

Hatua ya 6: Uliza kuhusu nyumba ambayo haipo. Hii niliifanya mwenyewe. Niliandika programu ya bakapu kwa ofisi moja. Kabla ya kunakili, iliiuliza statfs kuhusu /mnt/bakapu, na kila usiku ikajibiwa kwamba nafasi inatosha. Siku moja umeme ulikatika, seva ikawaka, diski ya nje haikupachikwa. Folda /mnt/bakapu ilibaki palepale, tupu. Statfs ikajibu bila kusita, kuhusu diski ya seva yenyewe, maana folda ile sasa ilikuwa humo. Nafasi ilionekana ipo. Bakapu ikamwagwa juu ya mzizi wa mfumo, usiku wa pili ikamwagwa tena, na wa tatu, saa tisa, simu ikalia. Kerneli haikudanganya hata mara moja. Niliiuliza "hapa pana nafasi kiasi gani?", wala sikuuliza "hapa ni wapi?"

Dawa yake ni mistari michache: ita stat kwa folda na kwa mzazi wake, linganisha st_dev, namba ya kifaa. Namba zikiwa sawa, ujue diski haijapachikwa, acha. Niliiweka. Simu bado hulia saa tisa usiku, mara mojamoja. Siku hizi anayepiga ni programu yangu, kuniambia diski haipo, kabla haijaandika hata baiti moja.