Mlima Usio na Simba

Mlima Hanang, volkano iliyolala ya kaskazini mwa Tanzania yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni hifadhi ya mazingira asilia, si hifadhi ya taifa. Simba wa kupigwa picha hauna. Una nyani na tumbili, ambao hawajafundishwa kumngojea mgeni kando ya njia. Ndiyo maana msafara wa magari huelekea Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, watu wazima wakashindana kumtazama mnyama aliyelala usingizi. Anayeutaka Hanang huanzia mji wa Katesh kwa miguu, akafuata mwinuko mkali kutwa nzima, na kileleni huenda akapokewa na ukungu mtupu. Wenyeji wa kijiji cha Nangwa huuona mlima huohuo bila kiingilio. Mpenda starehe abaki garini. Hanang unataka magoti.