Washa, Nisikie

Birmingham, Uingereza

Mama, Mjomba na wote mlioko nyumbani Tanga,

Habari aliyowapa dada kwamba nimenunua gari ni ya kweli. Hiyo ya kwamba ni gari jipya ameitunga dada mwenyewe. Gari langu ni Morris Minor ya mwaka 1966, kijani, ya mviringo, ya aina ambayo Mjomba anasema ndiyo aliyojifunzia ufundi.

Mama, swali lako nalijua: mtu anakwendaje Ulaya akanunue gari linalomzidi umri? Ngoja nikupe hesabu. Huku gari likishapita miaka 40, na halijafanyiwa mabadiliko makubwa, halilipiwi kodi ya barabara wala halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Tena katikati ya Birmingham, tangu mwaka 2021, pametengwa eneo la hewa safi: gari lenye moshi mchafu linatozwa pauni 8 kwa siku. Jirani yangu anailipia dizeli yake. Mimi napita bure, nawaachia moshi, kwa kuwa serikali imeliandikisha langu kuwa gari la kihistoria. Historia yenyewe inavuja oili, lakini hilo halitozwi.

Ufundi sasa ndio haumo katika hesabu hiyo.

Tuanze na taa. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa za nyuma zote zinakonyeza kwa pamoja, tena kwa unyonge, hata aliye nyuma yangu hajui kama nakata kona, nafunga breki au namsalimia. Waingereza wana utani wa siku nyingi juu ya Lucas, kampuni ya papa hapa Birmingham iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya umeme vya magari yao: wanamwita Mkuu wa Giza. Mimi nasema wanamwonea. Waya ni mzima. Bati ulikofungwa ndilo limekula kutu. Mjomba alilijua hilo kabla sijamaliza kumweleza kwa simu. “Tafuta ethi,” akasema, “balbu usiniulize.” Nikachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye kitako cha taa, ya pili kwenye bodi, mahali nilipokwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Taa ikawaka kama nyumba ya harusi. Kumbe umeme ulikosa njia ya kurudia, ukawa unapita kwa taa za jirani. Msasa, boliti mpya, grisi kidogo, kesi ikafungwa.

Ila mjue kwamba katika gari hili chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume na magari yote ya hapo mtaani kwenu. Kwa hiyo kila jirani anayenijia mbio na nyaya zake za kubusti betri namzuia kwa mikono miwili. Wanasema nina kiburi. Fyuzi nazo ni mbili tu gari zima, na taa kubwa hazina hata moja. Walioliunda walikuwa na tawakali kubwa.

Pampu ya mafuta ni ya umeme. Ukifungua swichi unaisikia tik-tik-tik, kisha inanyamaza kabureta ikijaa. Ikinyamaza kabla ya kuanza, unaigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Sitanii. Ndani yake mna kontakti zinazoganda, na kuigonga ndiyo dawa inayojulikana. Siku ya Idi nilikuwa kwenye mataa, kanzu nyeupe, kichwa ndani ya boneti, nagonga. Mama mmoja wa Kiingereza akashusha kioo akaniuliza kwa heshima kama ndiyo ibada yenyewe.

Kituo cha mafuta nacho hakinitoi mapema. Kila mzee aliyepo, mama yake alikuwa na gari hili, au mkunga aliyemzalisha mama yake alikuja nalo. Hili ndilo gari la kwanza la Uingereza kuuzwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo siwezi kusema wanazua. Nasikiliza, natoa pole za msiba wa mwaka 1974, naondoka.

Lililonitoa jasho ni kuzima. Asubuhi linawaka vizuri. Likishashika moto linapiga misi, linakohoa, linazima. Likipoa linawaka tena kama si lenyewe. Nikaita huduma ya barabarani. Akaja kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi, kompyuta mkononi. Akalizunguka, akapiga magoti, akamulika tochi chini ya dashibodi, akainuka na kuniuliza tundu la kuchomekea kompyuta liko wapi. Nikamwambia tundu lililopo ni la hendeli, liko mbele. Akapiga picha ya kumpelekea babu yake, akaita gari la kuvuta.

Nikampigia Mjomba. “Washa, nisikie.” Nikailaza simu pembeni ya injini, naye Tanga kimya, anasikiliza. “Zima. Toa plagi moja, irudishie waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini, mtu apige stata. Cheche rangi gani?” Injini ikiwa baridi, bluu, inalia ta-ta-ta. Ikiwa ya moto, manjano, nyembamba, imechoka. “Kondensa,” akasema, akakata simu akaswali magharibi. Kidude chenyewe hakifiki hata kidole, kimo ndani ya disibuta. Nikaweka kipya, nikasafisha platini, nikapima mwanya inchi 0.015, yaani karibu milimita 0.4. Gari likatulia.

Sasa hicho kipya nacho kimekufa. Vya siku hizi havidumu, ndicho kilio cha wenye magari haya wote. Mjomba, lile kopo lako la Blue Band lenye platini na kondensa za zamani, tafadhali lisimwagwe. Chagua nzima, zifunge ndani ya kanga, mpe shangazi anayekuja Desemba. Na kilo zikizidi kule uwanja wa ndege, apunguze dagaa.