Shangazi, Chumvi na Ndoo ya Toronto

Mkange haiko ufukweni. Bahari iko Saadani, kunakovunwa chumvi na kuvuliwa kamba, na kati yetu na maji kuna hifadhi yenye tembo wasiopenda kupigiwa honi. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa nyumba ya Mkange imeliwa na chumvi, una haki ya kudhani anatafuta kisingizio cha kutomlipa fundi. Chumvi ya nyumba ya shangazi yangu haikuja na upepo. Ilikuja na lori.

Nyumba yenyewe ni mbili katika moja. Nyuma kuna jiko na chumba alivyojenga marehemu mumewe kwa fito na udongo. Masika yakipita pakamomonyoka mahali, shangazi anachanganya udongo, anakandika asubuhi, mchana anapika wali humohumo. Mbele ni matofali ya saruji, bati la rangi, baraza, na nguzo mbili ambazo hazibebi kitu ila heshima. Sehemu hiyo ya mbele ilijengwa kwa hela ya Toronto, Kanada, aliko mwanawe wa kwanza, na ndiyo inayougua.

Fundi wa kwanza, ambaye siku hizi hapatikani hata kwa simu ya kuazima, alipata mchanga wa pwani kwa bei ya kutupa kwa sababu lori lilikuwa linarudi tupu. Ulikuwa mchanga mweupe, laini, mzuri kwenye picha za kumtumia mwenye hela. Hakuna aliyeuonja. Akafyatua matofali, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 akaunyoosha mpaka saruji ikasahau kuwa imo. Chini ya ukuta hakuweka nailoni ya kuzuia unyevu, juu hakuweka gata, basi kila tone lililotoka kwenye bati lilishuka moja kwa moja miguuni pa ukuta na kutulia hapo.

Kwanza ulitokea unga mweupe, karibu na sakafu. Ukiupuliza unaruka, kesho uko palepale. Halafu rangi ikaanza kujikunja. Halafu lipu ikabadilika sauti: ukiigonga kwa kidole unasikia ko, ko, ko, kisha pwa. Penye pwa ndipo lipu ilipokwisha kuachana na tofali, ikawa inasimama kwa aibu tu.

Waliogundua mapema ni mbuzi. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kula mihogo ya watu, walijipanga mbele ya nyumba wakaulamba ukuta kwa utulivu wa watu wazima. Shangazi aliona ni mapenzi. Alisema mifugo inajua nyumba yenye baraka. Pale wanapofika kwa ulimi ukuta ukawa unang'aa, na sisi wenye macho na elimu ya msingi tulipita hapo kila siku tukiwasifu.

Dawa ya kwanza ilikuwa rangi, kwa sababu posa ya binti ilikuwa inakaribia, na kwetu hakuna maradhi ya nyumba ambayo wageni hawayatibu. Ukuta ukasuguliwa kwa brashi ya waya, ukapakwa, ukapendeza. Siku ya posa mshenga wa upande wa pili, mtu mzima mwenye koti jeusi, aliegemea ukuta kusikiliza masharti. Alipoinuka kujibu alikuwa mweusi mbele na mweupe nyuma. Akaeleza sifa za kijana wake kwa ufasaha mkubwa, na kila alipogeuka upande wa akina mama, akina mama walijifunika khanga midomoni. Mahari ilipunguzwa. Shangazi mpaka leo anasema ni mazungumzo tu. Mimi nasema ni gharama ya kusafisha koti.

Dawa ya pili ilikuwa vigae, kuanzia sakafuni mpaka kiunoni. Chumvi haikugombana na vigae. Ilipita nyuma yake, ikapanda, ikatokea juu ya mstari wa mwisho. Mbuzi wakajifunza kusimama kwa miguu ya nyuma.

Hapo ndipo shangazi alipompigia mwanawe simu ya video na kuigeuza ili ukuta wote uonekane. Binamu akatazama, akavaa koti, akatoka nje, naye akageuza simu yake. Tukaona ukuta wa matofali mekundu uliochubuka uso, vipande vyembamba vimelala juu ya theluji.

"Mama, hata wangu."

Sitasema shangazi alifurahi, lakini sauti yake ilipata nguvu. "Kumbe hata kwa wazungu!"

Kule kinachoua ni maji kuganda. Tofali la kuchoma lina vitundu visivyoonekana, na theluji inayoyeyuka huingia humo. Usiku joto likishuka chini ya sifuri maji yanakuwa barafu, na barafu inataka nafasi kubwa kuliko maji kwa takriban asilimia 9. Nafasi haipo, basi inasukuma. Mchana inayeyuka, usiku inaganda tena, msimu mzima, mpaka uso wa tofali unabanduka. Huku kwetu kazi hiyohiyo inafanywa na chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini yakiwa yameibeba, yakifika usoni mwa ukuta jua linayanyonya, chumvi inabaki ndani ya vitundu na kugeuka fuwele, na fuwele nazo zinadai nafasi.

Fundi wetu mpya, aliyekuwa amesimama nyuma ya simu, hakuamini kabisa kwamba maji yanaweza kuvunja tofali kwa kulala tu. Simlaumu. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba mwaka 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, mabwana wa jiografia kule London walimbeza, na wao theluji walikuwa wanaifagia mlangoni.

Lakini kisa kikubwa kilikuwa bado. Nyuma ya binamu alipita mzee jirani, akinyunyiza kitu cheupe kwenye ngazi.

"Nini kile?" shangazi akauliza.

"Chumvi, mama."

"Anakumwagia chumvi mlangoni?"

"Wote tunamwaga, mama. Inayeyusha barafu, watu wasiteleze. Na jiji nalo linamwaga barabarani, kwa malori."

"Jiji zima?"

Akanikabidhi simu bila kuaga. Jioni ile alikwenda kwa mwalimu wa madrasa kumwombea dua mwanawe, ambaye kwa maelezo yake alikuwa ametupiwa na manispaa. Tukamweleza sana. Akaelewa nusu. Na ile nusu aliyoikataa alikuwa na haki nayo, maana chumvi hiyo ya ngazini kweli huingia kwenye matofali na zege la huko na kuzidisha ugonjwa. Sisi tunahangaika kuitoa, wao wanainunua na kuimwaga kwenye kizingiti.

Binamu, ambaye tangu aende nje amekuwa mtu wa suluhisho, alituma ndoo. Ilikuja kwa kontena pamoja na friji na magodoro ya watu, ikafika Mkange juu ya bodaboda, imekumbatiwa na kijana aliyeteremka akiwa hawezi kunyoosha mikono. Ni dawa ya kupaka ukutani. Inafanya ngozi juu ya ukuta ili maji ya theluji yasiingie.

Fundi hakuipenda. Sasa huyu fundi ni Mnyamwezi wa Tabora na shangazi ni Mzigua, watani tangu enzi za misafara, na mazungumzo yao ya kazi hayana hata sentensi moja ya kazi.

"Babu zako walikuja pwani na pembe za ndovu kichwani," shangazi alimwambia, "wewe umekuja na mwiko tu, halafu unabisha."

"Babu zangu walibeba wakalipwa, mama. Mimi hela ya juma lililopita bado."

"Wazigua wa Bwana Heri walipigana na Wajerumani hapo Saadani. Wewe unaogopa ndoo?"

Ndoo ikafunguliwa, nikaitwa kusoma maandishi. Usipake joto likiwa chini ya nyuzi 5. Fundi akajifuta jasho la shingo, akaafiki. Usipake kama theluji inatarajiwa. Fundi akatoka nje, akaangalia mbingu upande wa Miono, akaangalia upande wa Saadani, akarudi. "Leo hapana," akasema. Kinga na barafu kwa saa 24. Shangazi akaahidi kulala barazani. Mstari wa mwisho ulisema ukuta uwe mkavu kabisa. Huo niliusoma kwa sauti ileile, lakini haukuwa na theluji ndani yake, basi haukusikilizwa.

Ukuta ukapakwa ukiwa umeshiba maji. Kwa wiki kadhaa uling'aa mpaka watu walikuja kupigia picha. Mbuzi walilamba siku moja, wakatazamana, wakasusa. Kisha masika yakaingia. Maji yakapanda kutoka chini kama kawaida yake, yakakuta mlango wa kutokea umefungwa, na ngozi ile ya Kanada ikaanza kuvimba kama andazi kwenye mafuta. Shangazi alitoboa uvimbe mmoja kwa sindano ya kushonea mikeka. Maji yakamrukia kifuani. Akampigia mwanawe saa tisa za usiku wa Toronto kumjulisha.

Tangu hapo fundi ndiye aliyeachiwa amri, na alianza kwa sentensi ambayo ningependa ichapwe kwenye kila mfuko wa saruji: "Mama, huu ukuta tunauziba mdomo huku tunaunywesha miguuni." Hakugusa ukuta kwanza. Aliweka gata, akachimba mfereji, akainamisha ardhi ili maji yaondoke kwenye nyumba. Ndipo akavua vigae na lipu yote iliyosema pwa, akapandisha hata juu ya mstari wa chumvi, akauacha ukuta uchi kiangazi kizima. Majirani waliona hela zimekwisha. Kila baada ya siku kadhaa aliusugua kwa brashi kavu na kuzoa unga ule, hakuruhusu hata kikombe cha maji kiupate.

Mchanga ulipoletwa tena, safari hii wa mto, fundi alichota kidogo kabla lori halijashusha, akaweka ulimini, akafikiri, akatema. Lori moja alilirudisha. Mbuzi walikuwa wamesimama pembeni wanamtazama kwa heshima ya watu wa fani moja.

Lipu mpya ilichanganywa na chokaa nyingi na saruji kidogo. Shangazi alilalamika kwamba chokaa ni vitu vya zamani, na kweli ni vya zamani: kuta za magofu ya Kaole zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa tangu karne ya 13. Chokaa inaruhusu unyevu kutoka. Saruji ngumu inaufungia ndani. Ndiyo maana kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, nyumba kongwe iliyofunikwa lipu ya saruji huwa inabanduka kwa mapande makubwa. Binamu naye alikuwa ameambiwa hivyohivyo na fundi wake: matofali ya zamani ya Toronto yalishikwa kwa chokaa, ukiyajazia viungo kwa saruji kali, kinachopasuka si kiungo, ni tofali.

Ila binamu hakukubali kushindwa. Alituma video ya mafundi wa kwao wanaofunika ukuta mpya kwa mablanketi, usigande. Shangazi, bila kuuliza, akatoa blanketi la wageni akalitundika kwenye lipu mbichi. Tukasubiri fundi acheke. Fundi akachukua ndoo ya maji akalilowesha lote, kwa sababu huku kwetu lipu mpya haifi kwa baridi, inakufa kwa kukaushwa na jua kabla haijakomaa, na kitambaa chenye maji ndiyo tiba yake. Jirani aliyepita akaona ukuta umefunikwa blanketi na mwanamume anaumwagia maji, akavua kofia, akauliza mgonjwa anaendeleaje.

Masika yamepita mara nyingine na ukuta umepakwa chokaa nyeupe tu. Gata na mfereji vimegharimu kidogo kuliko vile vigae. Mbuzi wananunuliwa jiwe la chumvi dukani, gharama mpya ambayo shangazi anamdai mwanawe. Na ile ndoo imebaki nusu. Kama uko Makete au Njombe, ambako Juni na Julai majani huamka na barafu, njoo uichukue Mkange: bei ni maelewano, usafiri juu yako, na tafadhali ukuta uwe mkavu.