Umusifuzi Asiyesifiwa

Mtoto wa mtaa wa Biryogo aliyelelewa kwa Kiswahili hupata taabu siku ya kwanza anapoingia uwanja wa mpira wa kikapu hapa Kigali. Anawasikia watu wakimtaja umusifuzi, na sikio lake linadaka haraka: msifuzi, mtu wa kusifu. Mimi niliamini hivyo kwa miaka. Nilidhani yule bwana wa shati la kijivu, filimbi mdomoni, ameletwa kuwasifu wachezaji, na nikawa sielewi kwa nini kila akisifu, mama yake anatukanwa. Baadaye nikaelimishwa kwamba gusifura ni kuchezesha mechi, na nadhani neno lenyewe lina asili ya Kifaransa cha kupuliza filimbi. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikafanywa lugha rasmi ya nchi, lakini hakuna aliyekuja kunifutia lile kosa la utotoni.

Sitaki lifutwe. Nchi hii imewatungia ng'ombe mashairi marefu ya sifa, amazina y'inka, na ng'ombe hajawahi kulipia. Mashujaa wa zamani walijitungia ibyivugo vyao wenyewe, hawakungoja kusifiwa na jirani. Umusifuzi peke yake, aliyebeba sifa ndani ya jina, hana hata ubeti mmoja. Nimeamua kumlipa deni hilo leo, nikiwa nimetoka kufungwa, kwa sababu mshindi hana haja na refa. Mshindi anamsahau kabla hajavua viatu.

Tulifungwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, mechi ya vyuo, 62 kwa 61. Vyuo vyenyewe sivitaji. Wote tunaishi mji mmoja. Asubuhi tulifyeka majani pamoja kama raia wema, jioni tukaanza kuitana wezi. Zimebaki sekunde nne, mpira uko kwa kijana wetu mfupi, yule mwepesi. Anapenya kati ya mabeki wawili, anaruka, anaubandika mpira kwenye ubao, unaingia. Ukumbi mzima umesimama. Ndipo filimbi inasikika, na refa aliye karibu na meza anazungusha ngumi mbili mbele ya kifua, moja ikiifukuza nyingine, kama mtu anayekunja uzi wa kishada. Kutembea. Kikapu hakihesabiwi, mpira kwa wapinzani, mchezo umekwisha.

"Batwibye!" akapiga kelele motari, dereva wa pikipiki za abiria, aliyekaa mbele yangu, kofia ngumu magotini. Wametuibia. Hakuwahi kusoma chuo chetu wala kingine chochote, lakini alikuwa ameibiwa kuliko sisi sote.

Saa moja baadaye tulikuwa kwenye meza za Biryogo, kwenye ile mitaa iliyofungiwa magari na kupakwa rangi, chai ya tangawizi mbele yetu na mahakama ikiwa kikaoni. Fundi simu alikuwa na ushahidi: video ya sekunde tisa, kwenye simu ambayo kioo chake kimepasuka tangu mwaka jana. (Fundi simu hajawahi kutengeneza simu yake mwenyewe.) Akaisimamisha mahali pazuri kabisa, ufa wa kioo ukapita juu ya goti la kijana wetu, na kuanzia hapo haikujulikana tena mguu ni upi na ufa ni upi. Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili, akatuletea kanuni. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilibadilisha sheria ya kutembea mwaka 2017: anayeupokea mpira akiwa mwendoni, mguu uliokuwa chini wakati anaukamata hauhesabiwi, hatua zinaanza kuhesabiwa baada ya hapo. Hatua ya sifuri, wanaiita. Akachukua vijiko viwili vikawa miguu, kopo la sukari likawa beki, akavipitisha mezani taratibu. Sifuri, moja, mbili, juu.

"Rudia," akasema mzee mmoja aliyecheza kikapu enzi za viwanja vya saruji. Akarudia. "Kijiko cha kulia umekinyanyua mara mbili."

"Mzee wangu, hapana, hicho ndicho cha sifuri."

"Mwanangu, sisi tulikuwa tukinyanyua mguu mara mbili tunarudisha mpira. Sifuri yenu imetoka wapi?"

Ikawa hivyo hadi adhana ya isha. Nataka msomaji auangalie vizuri mkutano huu, maana ndio ushahidi wangu wa kwanza wa fadhila za refa. Motari, mwanafunzi wa sheria, fundi asiye na simu nzima na mzee mwenye kisukari anayeweka sukari kwa siri: ni nani mwingine angewakalisha meza moja kwa saa mbili bila posho ya kikao? Kiongozi wa mtaa anajaribu kila mwezi na hafikishi nusu ya hapo.

Fadhila ya pili ipo mfukoni mwangu. Mimi nina ugonjwa wa kuandika. Nikienda mechini hubeba karatasi na kalamu ya risasi, naweka vijiti kama muuza maziwa. Karatasi ya Jumamosi inasema hivi: mitupo huru, chuo chetu, 19, iliyoingia, 8. Mtupo huru, kwa asiyejua, ni zawadi. Unapewa mpira, unasimama mita 4.6 kutoka kwenye ubao, unapewa sekunde tano, na watu wote tisa waliobaki wanakatazwa na sheria kukugusa. Vijana wetu walipewa zawadi hiyo mara 19, na mara kumi na moja wakaikataa. Tulifungwa kwa pointi moja.

Karatasi ile sikuitoa. Niliishika kwa vidole ndani ya mfuko, nikaikunja mara ya pili, nikaagiza chai nyingine. Fikirieni ningeiweka mezani karibu na kopo la sukari. Yule kijana mrefu aliyekosa mitupo sita ni mpwa wa mzee. Kocha ni shemeji wa muuza chapati. Taimauti zote alizimaliza mapema, akabaki sekunde nne za mwisho anapunga mikono kama mtu anayesimamisha basi lililokwisha kupita. Ukweli ungeanza kuzunguka ile meza ukimgusa kila mmoja begani, na chapati ingepanda bei. Badala yake akasimama katikati yetu mtu mmoja ambaye si mpwa wa mtu yeyote pale, akaibeba mitupo yote kumi na moja, na taimauti, na shemeji, akaenda nayo. Mbuzi wa kafara huchinjwa mara moja. Refa tunamchinja Jumamosi, na Jumamosi ijayo anafika mapema kuliko timu.

Lazima nikiri kwamba nguvu zake zina mpaka. Mei 2021, Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilipocheza msimu wake wa kwanza hapa Kigali, katika ule ukumbi wa watu 10,000 uliofunguliwa Agosti 2019 na ambao sasa unaitwa BK Arena, timu yetu ya Patriots ilifika nusu fainali. US Monastir ya Tunisia ikatufunga 87 kwa 46. Nilizunguka mtaa mzima nikimtafuta mtu mmoja tu wa kumlaumu refa, nikamkosa. Pointi 41 hazibebwi na filimbi. Watu walilala na ukweli chumba kimoja, na asubuhi nyuso zao zilionyesha. Mwaka uliofuata timu yetu nyingine, REG, ikatolewa robo fainali na FAP ya Kameruni, 66 kwa 63, na mtaa ukapona siku hiyohiyo. Sisemi filimbi ilikosea. Nasema pointi tatu ni mzigo wa saizi ya refa: anaujua kuubeba, na sisi tunajua kumtwisha.

Wakubwa wa dunia hawatuzidi adabu katika jambo hili, wana kumbukumbu ndefu tu. Fainali ya Olimpiki ya Munich, 1972, Marekani iliongoza 50 kwa 49, sekunde tatu zimebaki. Saa ikasumbua, meza ikasumbua, katibu mkuu wa FIBA akashuka kutoka jukwaani kuagiza sekunde tatu zirudishwe, Wasovieti wakapewa nafasi upya, Aleksandr Belov akafunga. 51 kwa 50. Refa Mbrazili, Renato Righetto, akakataa kutia saini karatasi ya matokeo. Wamarekani wakakataa medali zao za fedha, na hadi leo hawajazichukua. Nahodha wao, Kenny Davis, ameandika katika wosia kwamba hata mkewe na wanawe wasije wakazipokea baada yake. Biryogo tunarithishana viwanja na kesi za viwanja; yeye amerithisha sekunde tatu. Mtaniambia kama kuna mfungaji, kocha au rais wa shirikisho aliyewahi kumpa mwanadamu kitu cha kudumu namna hiyo.

Kuna pia maprofesa waliolichunguza jambo hili, na hapo ndipo nilipopata nguvu ya kuandika. Mwaka 1951 chuo cha Princeton kilicheza na Dartmouth, mpira ule wa Marekani wa kofia na mabega. Ulikuwa mchezo mchafu: nyota wa Princeton alitoka na pua iliyovunjika, mchezaji wa Dartmouth akatoka na mguu uliovunjika. Albert Hastorf na Hadley Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ileile, wakawaambia wahesabu makosa. Wale wa Princeton wakayaona makosa ya Dartmouth mara mbili zaidi ya yale waliyoyaona wenyewe wa Dartmouth. Filamu moja, macho tofauti. Wataalamu hao wakachapisha utafiti wao mwaka 1954, na kwa ufupi walihitimisha kwamba hakukuwa na mchezo mmoja uliotazamwa na watu wengi. Kila upande ulitazama mchezo wake. Yaani Jumamosi kulikuwa na mechi mbili kwenye sakafu moja, na maskini yule bwana wa kijivu alitakiwa azichezeshe zote kwa filimbi moja.

James Naismith, aliyeubuni mpira wa kikapu, alilijua hili tangu mwanzo. Kanuni zake 13 za mwaka 1891, kule Springfield, Massachusetts, zilitaka waamuzi wawili: mmoja wa kuuangalia mpira, mwingine wa kuwaangalia watu. Siku hizi mechi kubwa zina watatu. Wakiongezwa wawe tisa, tutakuwa na wezi tisa.

Nami niliwahi kuwa mmoja wao, kwa dakika nane. Likizo moja, uwanja wa saruji wa shule huko Nyamirambo, watoto wa chini ya miaka 12, refa amechelewa. Mtu akanitia filimbi mkononi, bado ina joto la mdomo wa mwingine. Dakika ya tatu mpira ukatoka nje mbele yangu kabisa, hatua mbili tu. Watoto wawili wakaruka, mmoja akinyoosha kidole huku, mwingine kule, wote wawili wakiapa. Na mimi niliyekuwa karibu kuliko kiumbe chochote sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa naangalia kamba ya kiatu cha mmoja wao, iliyofunguka, nikihofia ataanguka. Nikapuliza. Nikanyoosha mkono upande ambao mkono ulitaka. Kutoka ukingoni jirani yangu, mama wa heshima zake, ambaye kila Ramadhani hututumia sambusa zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa cheupe, akaniita mwizi kwa jina langu kamili na la baba yangu. Ramadhani iliyofuata sambusa zilikuja, lakini zilikuwa za viazi tupu.

Turudi Biryogo. Vijiko vilikuwa bado mezani, mguu wa kulia mbele ya wa kushoto, mwanafunzi wa sheria akidai rufaa, alipotokea mtu na begi la mgongoni, kandambili miguuni, viatu vya michezo vimening'inia begani kwa kamba. Ilituchukua muda kumtambua bila filimbi. Motari ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

"Mwalimu! Karibu, mwalimu, kaa." Kumbe anamfundisha mwanawe hesabu, darasa la nne.

Tukasogea. Akaletewa chai. Fundi simu akaigeuza simu yake kifudifudi. Mzee akavikusanya vijiko vile taratibu akavitia ndani ya kikombe kitupu, akamuuliza habari za nyumbani, na za kazi, na mvua. Hakuna aliyetaja kikapu. Mwalimu akanywa, akashukuru, akataka kulipa, tukamkatalia kwa kelele, akasimama.

"Unanifikisha Nyamirambo juu, pale sokoni?" akamuuliza motari.

"Elfu mbili, mwalimu."

Safari ile, siku yoyote, ilikuwa haizidi mia saba. Motari aliangalia kioo cha pikipiki yake, hakutuangalia sisi. Mwalimu akamtazama kidogo, akarekebisha begi, akainua ngumi mbili mbele ya kifua na kuzizungusha, moja ikiifukuza nyingine. Kisha akageuka, akaanza kupanda mlima kwa kandambili zake.

Fundi simu akaanza kumhesabia hatua kwa sauti, kuanzia sifuri.